Usawiri na Nusu Mbili za Picha: Michoro ya Michael Armitage na Mtazamaji wa Kehancha

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umejengwa kwa maneno ya mchoraji. Mhakiki akitaka kueleza jinsi mwandishi alivyomuumba mhusika wake, husema amemsawiri au amemchora. Maneno yanayozua kitu akilini mwa msomaji huyaita taswira. Mhusika asiyebadilika huitwa bapa, kana kwamba amebandikwa ukutani, na mazingira ya tukio huitwa mandhari, neno ambalo kwa asili yake ni kile kinachoonekana kwa jicho. Sawiri, taswira na sura zimetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, mzizi wa umbo na picha. Sura ya kitabu, kwa upande wake, imetokana na neno jingine kabisa la lugha hiyo, lakini Kiswahili kimeyapa maneno hayo mawili tahajia moja na matamshi mamoja, kana kwamba kila sehemu ya kitabu ina uso wake.

Pamoja na mkopo huu mkubwa, ni nadra kumkuta mhakiki wa Kiswahili akiikabili picha yenyewe, iliyochorwa kwa rangi na kutundikwa mahali. Picha imeachiwa wanahistoria wa sanaa, nao kwa kiasi kikubwa huandika kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani, kwa wasomaji wa miji ambamo picha hizo zimetundikwa. Hivyo basi istilahi iko kwetu, nacho kitu kilichoizaa istilahi kiko kwa wengine.

Makala haya yanakusudia kulipa sehemu ndogo ya deni hilo kwa kuichunguza kazi ya Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, kwa mama Mkenya na baba Mwingereza, na aliyesomea London, kwanza katika Slade School of Fine Art na baadaye katika shule za Royal Academy. Kati ya Oktoba 2019 na Januari 2020 michoro yake ilionyeshwa katika Museum of Modern Art ya New York. Mwaka huohuo wa 2019 ilikuwamo katika maonyesho ya kimataifa ya Venice. Mwaka 2020 ilipelekwa Haus der Kunst mjini München, na kati ya Mei na Septemba 2021 maonyesho hayo, Paradise Edict, yalikuwa Royal Academy, London. Hoja ya makala ni kwamba picha hizi zimegawanyika nusu mbili. Nusu moja humfikia mtazamaji wa makumbusho ya mji mkubwa, na nusu ya pili humfikia mtazamaji wa nyumbani asiyeweza kufika huko. Kazi ya uhakiki wa Kiswahili ni kuziunganisha.

Mtazamaji wa Kehancha

Wolfgang Iser, katika kitabu chake cha mwaka 1972, alimweleza msomaji dokezwa, yaani yule msomaji ambaye matini yenyewe inamtazamia na kumwandalia nafasi. Hans Robert Jauss naye, kuanzia mwaka 1967, alisisitiza kwamba kila msomaji huikabili kazi ya sanaa akiwa na upeo wa matarajio aliourithi kwa jamii na wakati wake. Nadharia ya upokezi imekwisha kutumiwa katika kuhakiki riwaya na tamthilia za Kiswahili. Hapa itatumiwa kumjengea mtazamaji mahali pa kusimama, na mahali hapo ni Kehancha.

Kehancha imechaguliwa kwa sababu ya umbali wake, si kwa sababu ni kitovu cha sanaa. Ni mji wa Wakuria katika Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania, zaidi ya kilomita 300 kutoka Nairobi. Ni mji wa mahindi, tumbaku na ng'ombe, ambao watu wake wana ndugu zao upande wa pili wa mpaka. Mtazamaji wa Kehancha anayezungumziwa hapa si mtu mmoja mahsusi. Ni kipimo. Anaweza kuwa mwalimu wa fasihi wa shule ya upili, mwanafunzi wake, au mchuuzi wa sokoni.

Ni kosa kudhani kwamba mtu huyu hajui picha. Anaishi kati ya picha: kichwa kilichonyolewa vizuri kilichochorwa kwenye ubao wa kinyozi, ng'ombe kwenye ukuta wa duka la nyama, nyuso za wagombea zinazobaki kwenye nguzo muda mrefu baada ya kura kuhesabiwa. Akiwa Mkatoliki, amezizunguka picha 14 za Njia ya Msalaba kila Kwaresima. Jambo moja linaziunganisha picha zote hizi: hakuna hata moja inayohitaji maelezo ya ukutani ili ieleweke. Muumini hasimami mbele ya kituo cha sita akauliza yule mwanamke mwenye kitambaa ni nani. Hadithi imetangulia picha, nayo picha huja kuiamsha.

Makumbusho ya mji mkubwa hufanya kinyume. Huko picha hutangulia, na hadithi hufuata kwa maandishi madogo pembeni: Kenya ni nchi gani, uchaguzi ulikuwa wa mwaka gani, gome hili limetoka wapi. Maandishi hayo ni ya lazima kwa mtazamaji wa London, na hakuna ubaya wowote kuwapo kwake. Hata hivyo, yanadhihirisha nani aliyetazamiwa kusimama pale. Mkenya akiyasoma hujikuta akielezewa nyumba yake mwenyewe kwa nafsi ya tatu. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Katika ukumbi ule la kwake lipo, ila yeye ndiye hayupo.

Gome, Sanda na Mapengo

Armitage hachori juu ya turubai la kawaida. Huchora kwa rangi za mafuta juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti ambacho Wabaganda hukitengeneza kutokana na mtuba, mti wa jamii ya mikuyu. Gome hubanduliwa kwa uangalifu ili mti usife, kisha hupondwa kwa nyundo za mbao mpaka lilainike na kutanuka, na kuwa kitambaa chenye rangi ya udongo mwekundu. Mwaka 2005 UNESCO iliitambua kazi hii kuwa miongoni mwa urithi mkubwa wa binadamu usioshikika. Miongoni mwa Wabaganda kitambaa hicho kimevaliwa katika sherehe za kifalme na mila nyingine, na zaidi ya yote kimetumika kuwazikia wafu. Mchoraji alikikuta Nairobi, katika soko la vitu vya watalii, yaani baada ya kuwa kimekwisha kushushwa kutoka daraja la sanda hadi daraja la pambo la kununuliwa na mpita njia.

Neno sanda halina budi kutiliwa mkazo. Maelezo ya kawaida ya Kiingereza huiita lubugo kitambaa cha mazishi, na msomaji hupita. Kwa Kiswahili, kusema kwamba mtu amechora juu ya sanda ni kumsimamisha msikilizaji. Sanda haipambwi na haionyeshwi. Kazi yake ni kusitiri, na ikishasitiri huenda ardhini pamoja na aliyesitiriwa. Mchoraji ameiwamba kwenye fremu kama ngozi inavyowambwa kwenye ngoma, akaisimamisha wima, akaijaza rangi na kuwaita watu waje waitazame. Kila mtu aliyemo ndani ya picha hizi, awe anacheka au anakimbia, amekwisha kuwekwa juu ya kitambaa cha mwisho wake.

Jambo la pili ni kwamba gome halikubali kuwa ukurasa mtupu. Lina matundu pale palipokuwa na kifundo cha tawi, lina mikunjo, na lina mishono pale vipande vilipounganishwa au mpasuko ulipotiwa uzi. Armitage hayazibi yote. Tundu linaweza kuangukia katikati ya anga, na mshono ukapita juu ya mwili wa mtu. Iser alizungumzia mapengo ya matini, zile sehemu ambazo mwandishi amenyamaza ili msomaji azijaze. Katika riwaya mapengo hayo ni istiari. Katika lubugo ni matundu yanayoweza kuguswa kwa kidole, yaliyoachwa na mti kabla mchoraji hajazaliwa katika kazi hiyo. Mtazamaji analazimika kuamua: je, tundu hili ni jeraha, ni risasi, au ni gome tu? Picha haimjibu.

Mti wa Uhuru Park

Mwaka 2017, kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti, Armitage alifuatana na kikundi cha wanahabari wa televisheni kwenda kwenye mkutano wa upinzani katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Kutokana na aliyoyaona alichora mfululizo wa picha kubwa, mojawapo ikiwa The Fourth Estate ya mwaka 2017. Ndani yake watu wamepanda mti na kukaa matawini, wakiutazama mkutano. Umbo la picha linatokana na chapa moja ya Francisco de Goya katika mfululizo wake wa Disparates wa mwanzoni mwa karne ya 19, ambamo kundi la watu limekaa juu ya tawi likimsikiliza msemaji.

Mtazamaji aliyelelewa katika makumbusho ya Ulaya huiona Goya kwanza. Kwake watu juu ya tawi ni upuuzi wa makusudi, ni njozi, ni dunia iliyopinduka. Kwa hiyo humweka Armitage katika mkondo wa wachoraji wa ndoto. Mtazamaji wa Kehancha huuona mti kwanza. Amekwisha kuona vijana juu ya mti kila penye mkutano wa siasa, mechi ya kandanda au helikopta inayotua uwanjani. Wamepanda kwa sababu ardhi imejaa na aliye mfupi haoni. Kwake picha hii ni ya uhalisia, na uhalisia wenyewe ni wa kawaida mno hata anaweza kujiuliza kwa nini imechorwa.

Ni wazi kwamba kila usomaji ukibaki peke yake una upungufu. Usomaji wa kwanza humgeuza mpiga kura wa Kenya kuwa kiumbe wa ndoto. Usomaji wa pili humnyima mtazamaji hofu ambayo Goya ameileta: tawi lina kikomo, na waliolikalia ni wengi. Picha inafanya kazi pale tu uhalisia wa Kehancha na kinaya cha Goya vinapokutana. Watu wamepanda kwa sababu ya maana kabisa, na mahali walipopanda hapawezi kuwabeba.

Hapa Kiswahili kinaongeza kitu ambacho hakimo katika anwani ya Kiingereza. Anwani hiyo inahusu vyombo vya habari, ambavyo kwa Kiswahili huitwa mhimili wa nne wa dola. Neno la Kiingereza limetoka katika mgawanyo wa matabaka ya Ulaya ya kale. Mhimili ni nguzo inayochukua uzito wa paa. Mtazamaji anayefikiri kwa Kiswahili haoni tu kwamba wale walio mtini wamegeuka kuwa mashahidi na wanahabari wa mkutano wao wenyewe. Anaona pia kwamba mhimili uko pale pale ndani ya picha, una majani, na watu wameuelemea. Makala haya hayadai kwamba mchoraji alikusudia hivyo. Yanadai kwamba picha inalikubali neno hilo, na kwamba kuliruhusu liingie ni kazi halali ya uhakiki.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba mtazamaji wa nyumbani ni mmoja na ana moyo mmoja. Maelezo ya makumbusho husema huu ni umati wa Kenya. Katika Kaunti ya Migori, ambamo Wakuria na Waluo ni majirani, kura za urais za pande hizo mbili mara nyingi zimekwenda njia tofauti. Uchaguzi wa tarehe 8 Agosti 2017 ulifutwa na Mahakama ya Juu tarehe 1 Septemba. Upinzani ukasusia marudio ya tarehe 26 Oktoba. Katika miezi hiyo waandamanaji waliuawa kwa risasi za polisi, hasa Nairobi na Nyanza. Kwa hiyo mtazamaji wa Kehancha anayeutazama mti wa Uhuru Park huenda asiuone umati wake. Huenda akauona umati wa jirani, ule ambao aliisikia hasira yake kutoka upande wa pili wa uzio, akafunga duka mapema.

Ukweli huu unaipa picha uzito ambao makumbusho hayawezi kuupa. London humwomba mtazamaji awahurumie Wakenya kwa jumla. Kehancha humwomba mtazamaji amtazame jirani yake wa kisiasa akiwa juu ya sanda. Ombi hili la pili ni gumu zaidi, na ndilo lenye manufaa kwa nchi.

Mwili Uliovuliwa

Novemba 2014 video ya mwanamke aliyevuliwa nguo na wanaume katika kituo cha magari jijini Nairobi, kwa madai kwamba amevaa vibaya, ilienea nchini. Wanawake waliandamana chini ya kaulimbiu iliyodai haki ya mtu kuchagua vazi lake. Mwaka 2015 Armitage alichora picha na kuipa kaulimbiu hiyo iwe anwani yake: #mydressmychoice. Mwanamke aliye uchi amelala akitupa mgongo, katika mkao wa Venus wa Diego Velázquez, picha ya karne ya 17 iliyoko National Gallery, London. Sehemu ya juu inaonyesha miguu ya wanaume waliosimama.

Swali ambalo mhakiki wa fasihi hawezi kulikwepa ni lile lililoulizwa juu ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, riwaya iliyochapishwa mwaka 1971 na ambayo kwa muda haikuruhusiwa shuleni nchini Tanzania: je, kusawiri fedheha ya mwanamke ni kuishutumu au ni kuirudia? Wahakiki wa riwaya hiyo waligawanyika. Waliomtetea mwandishi walieleza kwamba jamii iliyokasirishwa na kitabu ndiyo iliyomo kitabuni.

Picha ya Armitage inalijibu swali hilo kwa mpangilio wake wa nafasi. Miguu ya wanaume iko upande wa mbali wa mwanamke. Mgongo wake uko upande wa mtazamaji. Duara la waliomzingira lina sehemu moja iliyo wazi, na sehemu hiyo ndiyo anayosimama mtazamaji. Anayeitazama picha ndiye anayelifunga duara. Akiwa London, amefika pale kutoka kwenye kumbi ambamo uchi wa Venus umetazamwa kwa utulivu kwa muda mrefu, na sasa anaonyeshwa kwamba utulivu huo una jamaa wa karibu kituo cha magari. Ikumbukwe pia kwamba Venus mwenyewe aliwahi kukatwakatwa kwa kisu mwaka 1914 na Mary Richardson, mpigania haki ya wanawake kupiga kura, na kwamba ilibidi akarabatiwe. Mwili ule nao una mishono yake.

Mtazamaji wa Kehancha hafiki na Velázquez. Anafika na video. Inawezekana kabisa kwamba mwaka 2014 aliipokea kwenye simu yake, akaitazama na pengine akamtumia mwenzake, maana macho hayana pazia. Picha inamrudisha kwenye kosa hilo la kutazama, lakini safari hii mwanamke amelazwa juu ya lubugo. Kitambaa ambacho kazi yake ni kusitiri kimewekwa chini ya mtu aliyenyimwa sitara. Mtu akiulizwa ni nini kinakosekana katika picha hii, jibu ni nguo. Na nguo yenyewe ipo, ndiyo iliyochorewa.

Kila Mmoja na Nusu Yake

Baada ya usomaji huu, mgawanyiko uliotajwa katika utangulizi unaweza kuelezwa kwa usahihi zaidi. Mtazamaji wa London na wa New York anapewa kitu chenyewe. Anaona ukubwa wake, anaona matundu na mishono, anaona jinsi rangi ilivyozama katika nyuzi za gome. Asichopewa ni hadithi iliyotangulia, ila kwa muhtasari. Mtazamaji wa Kehancha anayo hadithi, na huiona picha kwenye kioo cha simu au katika kitabu cha maonyesho ikiwa kimemfikia. Huko picha ya urefu wa mita inakuwa na upana wa kiganja. Tundu linakuwa doa, mshono unakuwa mstari, na lubugo inakuwa rangi ya kahawia tu. Wa kwanza amepata kitambaa bila hadithi, wa pili amepata hadithi bila kitambaa.

Hali hii haikuanza na Armitage. Sam Ntiro, Mchaga kutoka Kilimanjaro, aliyezaliwa mwaka 1923, alisoma na kufundisha Makerere na kusomea pia Slade, shule ileile ya Armitage. Baada ya uhuru aliiwakilisha Tanganyika mjini London kama Balozi. Picha yake ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, iliingia katika hazina ya Museum of Modern Art mwaka 1960. Kijana wa Kehancha hajui mbege, lakini anajua msafara wa posa. Anajua kwamba wanaume wanaotembea usiku wakiwa na pombe na shabaha moja wanabeba ahadi baina ya koo mbili, na kwamba ahadi hiyo inaweza kuvunjika njiani. Kwa zaidi ya nusu karne picha hiyo imekuwa mali ya jumba la New York, na wengi wa wale wanaoweza kuueleza msafara huo hawajawahi kuiona.

Armitage mwenyewe anaelekea kuutambua upungufu huu. Katika Paradise Edict alihakikisha kwamba michoro yake haisimami peke yake. Ilionyeshwa pamoja na kazi za Meek Gichugu, Jak Katarikawe, Theresa Musoke, Asaph Ng'ethe Macua, Elimo Njau na Sane Wadu. Aidha, alianzisha Nairobi Contemporary Art Institute, iliyofungua ukumbi wake jijini Nairobi mwaka 2022 kwa maonyesho ya Sane Wadu. Hizi ni hatua za maana. Hata hivyo, Nairobi nayo ni mji mkubwa, na kutoka Kehancha ni safari ya kutwa nzima. Mgawanyiko umepungua, haujaondoka.

Miduara ya Mfangano

Inafaa sasa kutazama upande wa ziwa, katika kaunti jirani ya Homa Bay. Katika kisiwa cha Mfangano, penye mapango ya Mawanga na Kwitone, kuna picha zilizochorwa juu ya mwamba kwa rangi nyekundu na nyeupe: miduara ndani ya miduara na mistari inayotawanyika kama miale. Wataalamu wengi wanazihusisha na Watwa, wawindaji na wakusanyaji waliokaa huko kabla ya Wasuba. Wasuba wenyewe masimulizi yao ya asili huanzia ng'ambo ya ziwa, Buganda na Busoga, nchi za mtuba na lubugo. Walipofika walizikuta picha zikiwa zimekwisha kuchorwa. Hawakupewa maelezo ya ukutani, na aliyechora hakuwapo kuulizwa.

Walichokifanya ni kuzitunza na kuzipa kazi. Masimulizi ya wenyeji yanayahusisha mapango hayo na ibada za mvua, na heshima hiyo ndiyo iliyoyalinda. Mwaka 2000 jumuiya hiyo ilianzisha makumbusho yake kisiwani, Abasuba Community Peace Museum, yanayowapokea wageni na kuwapeleka kwenye miamba.

Wasuba, kama mtazamaji wa London, walipata kitu bila hadithi. Tofauti ni kwamba hawakuridhika kukitazama na kupita. Walikipa hadithi, wakaishi nayo, wakakilinda kwa vizazi. Hili linasahihisha kosa ambalo makala kama haya yangeweza kuliingia kwa urahisi, kosa la kudhani kwamba picha ni ya mwenye damu yake tu, na kwamba mtazamaji wa Kehancha ana haki juu ya Armitage kwa sababu ya kuzaliwa upande huu wa dunia. Lubugo si ya Wakuria. Umati wa Uhuru Park huenda haukuwa wao. Mwenyeji wa picha, kwa mafunzo ya Mfangano, ni yule anayechukua jukumu la kuizungumza, kuitunza na kuirudia. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mtazamaji wa mbali naye ana mchango, kama Goya alivyoupa mti wa Uhuru Park hofu ambayo sisi wa nyumbani tulikwisha kuizoea.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba michoro ya Michael Armitage inamtaka mtazamaji ambaye bado hajapatikana mahali pamoja: mwenye kujua kwa nini vijana hupanda mti, mwenye kumjua Goya, na mwenye kuliona tundu la gome. Makumbusho ya London na New York yamempata kwa nusu. Kehancha imempata kwa nusu nyingine. Hakuna sababu ya kungoja siku ambayo picha zote zitarudi, au ambayo mwalimu wa Kehancha atapewa viza na nauli.

Lipo jambo linaloweza kufanywa kwa lugha. Msomaji wa Kiswahili hana mazoea ya kuelezewa picha asiyoiona, ingawa amezoea kabisa kuelezewa mtu asiyekuwapo. Ndiyo kazi ya riwaya. Mhakiki aliyefunzwa kueleza jinsi mhusika anavyosawiriwa anaweza kueleza mshono unavyopita juu ya bega la mtu aliyechorwa, ili anayesoma akiwa mbali aujue ulipo, na akiitazama picha kwenye simu yake autafute. Mitaala ya fasihi vyuoni ingeweza kuanza na kipindi kimoja tu: picha moja ukutani, wanafunzi wasiambiwe jina wala mwaka, kisha waulizwe wanaona nini. Istilahi za usawiri, mandhari na taswira zingerudi kwenye kitu kilichozizaa, na ingejulikana ni zipi kati yake bado zina nguvu.

Mwanafunzi atokaye Kehancha atauona mti kabla ya kumwona Goya. Ni juu ya mwalimu wake kutomsahihisha haraka.